Kompyuta Haikosei

Maneno hayo ni yangu. Niliyasema Midia, mwezi wa tatu mwaka 2022, mbele ya mzee mmoja mwenye msumeno mkononi, na mpaka leo nikikutana naye sokoni Koboko ananiita hivyo: "Wee, Kompyuta-Haikosei, salama?" Sasa hivi nacheka. Siku ile sikucheka.

Shule za Uganda zilikuwa zimefunguliwa Januari ya mwaka ule, baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa kwa ajili ya korona. Watoto wakubwa wakarudi darasani. Wadogo wetu hawakuwa na pa kuanzia, maana walikuwa wamefikisha miaka mitano, sita, hawajakaa kwenye benchi hata siku moja. Akina mama wa kikundi cha akiba, wengine Wakongo kama mimi, wengine Wakakwa wenyeji, wakakubaliana kufungua sanduku. Mnayajua masanduku hayo: ya chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa mama watatu tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake usiku. Kulifungua kabla mwaka haujaisha ni jambo la kukaa chini na kusemezana, na walisemezana wiki mbili. Familia moja ya wenyeji ikatoa kiwanja. Mimi, kwa vile nilikuwa nimesoma miezi sita kuchora majengo kwa kompyuta, nikaambiwa nichore chumba kimoja cha watoto, na mvua isitukute bila paa.

Nilichora kwa LibreCAD, programu ya bure, kwenye laptop niliyoinunua imeshatumika mikononi mwa watu. Darasani tulifundishwa AutoCAD, lakini AutoCAD ni ya kulipia na laptop yangu isingeibeba. Kazi ni ileile, tofauti ni mahali vitufe vilipo.

Sasa nieleze jambo moja kwa wale ambao hawajawahi kuchora namna hii, kwa sababu hadithi yote imekaa hapo. Ukichora kwa penseli, mstari ni alama juu ya karatasi. Ukichora kwa kompyuta, mstari ni namba. Mashine inakumbuka mstari unaanzia wapi na unaishia wapi, kwa tarakimu kama kumi na tano hivi, na kile unachokiona kwenye skrini ni picha tu ya namba hizo. Mistari miwili inaweza kuonekana imegusana kabisa, kumbe kwa namba imeachana. Ndiyo maana programu hizi zina kitu tulichokiita darasani "kunasa". Ukisogeza mausi karibu na ncha ya mstari, alama ndogo inatokea, na ukibonyeza, mashine haichukui pale mkono wako ulipo. Inachukua ncha yenyewe. Kwenye AutoCAD ncha inaonyeshwa kwa mraba, katikati ya mstari kwa pembetatu, mistari inapokatana kwa alama ya X, kitovu cha duara kwa kiduara kidogo. Unawasha na kuzima kwa F3. LibreCAD ina vitufe vyake vya kazi hiyohiyo.

Nilipomweleza yule mzee baadaye, alisema, "Aa, ni ulimbo." Ndege hatui kwenye ulimbo kwa kupenda, lakini akitua, hatoki. Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Basi, ukuta nikauchora vizuri. Chumba upana wa mita 6.40 kwa nje, urefu mita 7.20. Kuta mbili za pembeni zipande hadi kileleni kwa tofali, na katikati yao kenchi tano za mbao. Paa nililipangia kimo cha mita 1.50 kwa makusudi. Mbao tunazouziwa huku ni za futi 14, yaani mita 4.27 hivi, na kwa kimo hicho kila mguu wa kenchi unatoka mita 4.20 pamoja na ule mchomozo wa sentimita 60 unaokinga ukuta na mvua. Mbao moja, mguu mmoja, hakuna kuunga. Nilijisifu sana kwa hesabu hiyo. Niliwaonyesha akina mama.

Kenchi yenyewe niliichora jioni, betri imebaki kidogo, na kule ninapochajia kwa sola walikuwa wanafunga. Niliichora chini ya ramani ya chumba, kwenye ukurasa uleule. Karibu na kilele kulikuwa na mistari mingi: mbao za kati, vipande vya kushikia pembe, misumari niliyoichora kwa kujionyesha. Kila nikisogeza mausi, kunasa kunanivuta kwenye kona ya kipande nisichokitaka. Nikakasirika. Nikazima kunasa kwote. Nikaiweka mausi pale nilipoona ni katikati ya mbao ya chini, nikabonyeza, nikapandisha mita 1.50 kwa kuandika namba, nikashusha miguu miwili kushoto na kulia. Ilipendeza machoni. Asubuhi nikaenda kuchapisha mjini, na vipimo vyote vimejiandika vyenyewe.

Fundi wetu wa mbao ni mzee wa Kikakwa. Kiswahili chake ni cha Kongo kuliko changu. Mwaka 1980, watu wa West Nile walipokimbia jeshi baada ya Amin kuondolewa, yeye alikuwa kijana mdogo, akavuka mpaka na wazazi wake kuingia Zaire, na useremala aliujifunzia Bunia. Kwa hiyo alipotuona sisi tumekuja upande huu, hakuwa na maswali mengi. Alichukua karatasi yangu, akaisoma polepole, kidole juu ya kila namba. Kisha akaniita.

"Mutoto yangu, haya mambao mbili si mapacha?"

Nikamwambia ndiyo, papa, ni mguu wa kushoto na wa kulia.

"Sasa juu ya nini moja iko murefu? Hii 4.23. Hii 4.16."

Nikatazama. Ni kweli karatasi ilisema hivyo. Na hapa ndipo ningeweza kusema, "Ngoja papa, nirudi niangalie." Sentensi fupi tu. Lakini akina mama watatu walikuwa wamesimama pale, wenye funguo zao, na mimi ndiye niliyesoma. Nikasema nilichosema. Kompyuta haikosei, papa. Kata kama ilivyoandikwa.

Alinitazama kidogo, akainama kukata. Ni mtu mpole, na kazi ilikuwa ya wenye pesa. Akatengeneza kenchi ya kwanza chini, kisha nyingine nne juu yake, zote zinafanana kama sahani.

Siku ya kupandisha, vijana walizibeba wakaziweka juu ya ukuta. Nani angejua ipi ni kushoto na ipi ni kulia? Kenchi ni kenchi. Mzee akavuta uzi kutoka kilele cha ukuta mmoja wa tofali hadi kilele cha ukuta wa pili, apate mgongo wa paa. Uzi ulinyooka, na hakuna hata kenchi moja iliyougusa. Tatu zilikuwa zimekaa upande huu wa uzi, mbili upande ule. Ukisimama mlangoni ukatazama juu, mgongo wa paa unakwenda kama nyoka. Kutoka kenchi ya huku hadi ya kule, sentimita nane.

Mtu mmoja akasema, zigeuzeni zile mbili zielekee kama wenzake. Mzee akakataa. Zikigeuzwa zitapangana, ndiyo, lakini zote zitakuwa nje ya kilele cha ukuta kwa sentimita nne, na mabati yatapinda mwanzo na mwisho wa paa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama vile ananificha aibu: "Ukuta iko sawa. Nani alipima ukuta?"

Ukuta alikuwa ameupima fundi mwashi, kijana asiye na karatasi yangu hata moja ya kilele. Nilimpa ramani ya chini na kimo, basi. Nilimuuliza alipataje katikati. Akashangaa swali. Alivuta uzi kutoka kona hadi kona, akaukunja mara mbili, akaweka alama ulipokunjika.

Usiku ule nilifungua laptop nikavuta picha karibu, karibu zaidi, mpaka mbao ya chini ikajaza skrini nzima. Nikapima. Kushoto mita 3.24, kulia mita 3.16. Kilele kilikuwa kimekosa katikati kwa sentimita nne, na sentimita hizo nne zilipopanda kwenye mteremko zikawa saba kati ya mguu na mguu.

Nilijiuliza jicho langu lilikosaje kitu kikubwa hivyo. Hesabu yake ni nyepesi na inauma. Skrini yangu ina vitone 1366 kwa upana. Jioni ile nilikuwa nimeacha ukurasa mzima mbele yangu, upana wa kama mita 20, ili nione chumba na kenchi kwa pamoja. Gawanya: kila kitone kinabeba karibu sentimita moja na nusu ya mbao ya kweli. Sentimita nne hazifiki vitone vitatu. Hakuna binadamu anayeona vitone vitatu jioni, betri ikiwa nyekundu. Na ningeweza kukazia macho mpaka yatoke machozi, isingesaidia, maana hata kitone kimoja tu kingekuwa tayari ni kosa la mbao kukataa kukaa.

Jambo hili si geni, ni la tangu kuchora kwa kompyuta kuanze. Ivan Sutherland alipotengeneza Sketchpad pale MIT, Marekani, mwaka 1963, watu walichora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, na alikutana na shida hii hii: mkono wa mtu hauwezi kulenga nukta. Dawa yake ilikuwa kwamba kalamu ikikaribia ncha au mstari uliokwisha kuchorwa, mashine ichukulie kwamba mchoraji amekusudia pale hasa, na si pembeni. Programu ya kwanza kabisa ya namna yake, na kunasa kumo ndani. Mimi nilikizima kwa sababu kilinikera.

Kesho yake nilikwenda kwa mama mweka hazina kabla ya kwenda kwa fundi. Nilimwambia kosa ni langu, si la mzee, na kwamba mzee aliniuliza. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kulisema kuliko yote. Akanyamaza, akaendelea kugeuza mihogo aliyoianika juu ya jiwe. Kisha akauliza swali moja: "Mbao mpya ngapi?" Nilikuwa nimekesha na hesabu hiyo. Nikamwambia sifuri, tukipunguza ile mirefu. Mbao iliyokatwa ndefu inapunguzwa, iliyokatwa fupi ndiyo imekwenda. Miguu mitano ya 4.23 ikatwe iwe 4.16 kama mingine. Tutapoteza kidogo kwenye mchomozo, kama sentimita tatu, lakini kilele kitarudi katikati. Akasema sawa. Ile pesa kidogo waliyokuwa wameniahidi ya kuchora ikaenda kulipa siku mbili za fundi na misumari, na hakuna aliyeniomba kufanya hivyo. Nilifurahi kwamba hakuna aliyenizuia pia.

Kwenye kenchi ya pili nilivuta picha karibu, nikawasha kunasa kwa katikati peke yake, nikazima kunasa kwingine, nikasogeza mausi ovyo tu kwenye mbao ya chini. Alama ikatokea. Nikabonyeza. 3.20 na 3.20. Ilichukua muda mfupi kuliko kukasirika kwangu kwa mara ya kwanza. Mzee alipopewa karatasi mpya hakusoma namba. Alikata kipande cha uzi, akakipima kwenye mbao, akakikunja mara mbili, akatazama alama yangu, akatikisa kichwa kukubali. Hakunitazama mimi.

Ningependa kusema hadithi imeishia hapo. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka huogopa hata kamba, na mimi nikaanza kuwasha kila aina ya kunasa iliyopo, isizimwe hata moja. Nikajifunza kwamba ulimbo uliopakwa mti mzima hukamata ndege wote, pamoja na usiowataka.

Ilikuwa kazi ya choo cha hao hao watoto. Kiwanja chetu kina alama nne: jiwe kubwa kando ya njia, kisiki cha mtiki, na vigingi viwili. Ng'ambo ya jiwe ni shamba la mihogo la jirani, ambaye si wa familia iliyotupa kiwanja. Tulipima kwa futi kamba, nikaingiza vipimo, nikachora njia, nikachora mipaka, nikapanga choo kule nyuma, karibu na mpaka wa jirani, mbali na darasa. Wakati wa kuunganisha mpaka kwenye jiwe, kunasa kukashika kitu kingine. Kuna aina moja ya kunasa inayoshika popote juu ya mstari, pale palipo karibu zaidi na mausi, ambayo AutoCAD huionyesha kwa alama kama ya saa ya mchanga. Hiyo haitafuti kona wala katikati. Ukiwa karibu na mstari inakuambia tayari, nimeshika, na kweli imeshika, ila imeshika mahali ambapo hapana maana yoyote. Mstari wa njia uliendelea mbele kupita jiwe. Mpaka wangu ukajibandika juu ya njia, mbele ya jiwe, ndani ya mihogo ya jirani.

Kwenye skrini ilionekana safi. Mistari imegusana, hakuna mwanya, ukivuta karibu kiasi chochote imegusana. Ule ukaguzi wangu mpya wa kuvuta karibu haukuona kitu, kwa sababu safari hii mistari ilikuwa imeshikana kweli, ila mahali pasipo pake. Kama nisingekuwa na tabia niliyoipata kwa mzee, ya kupima mara mbili, karatasi ingetoka hivyo. Niliiuliza programu umbali kutoka kisiki hadi kona ya jiwe. Ikasema 14.97. Kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, ilikuwa 14.62.

Sentimita 35. Kwa mwenyeji, labda ni jambo la kucheka na kusogeza kigingi. Kwetu sisi, ambao hata udongo wa tofali tunauomba, ukuta wa choo uliosimama sentimita 35 ndani ya shamba la mtu ni maneno ya miaka mingi. Watu hawatasema kunasa kulishika mstari usio wake. Watasema mlitupa kidole, wakashika mkono.

Nikazima ile aina ya saa ya mchanga. Siku hizi naiwasha kwa nadra, na nikiiwasha najua kwa nini. Nilirekebisha kona, lakini sikuamini daftari wala skrini, nikapanda bodaboda hadi Midia nimtafute mzee. Nilimkuta chini ya mwembe anatengeneza kitanda. Nikamwomba anishikie futi kamba. Hakuuliza sababu, alicheka tu kwa pua, akaacha randa yake.

Yeye akasimama kwenye kisiki, mimi kwenye jiwe. Jirani naye akatoka nyumbani kwake kuangalia tunafanya nini kwenye mihogo yake, tukamsalimia, nikamweleza, akaja akashika futi kamba katikati isilegee.

"Ngapi?" mzee akapaza sauti.

"Kumi na nne nukta sita mbili."

"Na kompyuta yako inasema ngapi?"

Nikafungua laptop juu ya jiwe, betri asilimia tisa, jua limeingia kwenye skrini mpaka ikabidi jirani aniwekee kivuli kwa kofia yake. Ilisema 14.62.